Mansa Musa na Swali la Dhahabu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa Historia na watumishi wa Serikali)



Mliniachia hiari ya kuchagua mada, nami nimechagua kuzungumza juu ya mfalme aliyekufa yapata miaka mia saba iliyopita, katika nchi ambayo wengi wetu hatujapata kuikanyaga. Nimefanya hivyo kwa sababu jina lake limerudi midomoni mwa watoto wetu. Mwaka 2012 tovuti moja ya Marekani ifanyayo kazi ya kuhesabu mali za matajiri ilimtawaza Mansa Musa wa Mali kuwa tajiri kuliko watu wote waliopata kuishi duniani, ikamkadiria dola bilioni 400. Tangu hapo hesabu hiyo haijaacha kuzunguka, na leo mwanafunzi wa kidato cha pili ataitaja bila kigugumizi. Mwulize lakini dhahabu hiyo ilichimbwa na nani, ikabebwa na nani, ikaishia wapi, atakukodolea macho. Kosa si lake, ndugu zangu. Ni letu sisi tuliomfundisha.

Sote tunaikumbuka ile kasumba ya mkoloni kwamba Mwafrika hakuwa na historia mpaka alipofika yeye na bendera yake. Baada ya Uhuru tulihitaji jibu la kumfunga mdomo, na Mansa Musa alikuwa jibu maridhawa: mfalme mweusi, msomi, mcha Mungu, aliyeingia Cairo na dhahabu nyingi hata bei yake ikashuka. Nami simlaumu mwalimu aliyelitumia jibu hilo katika miaka ile. Ila tulipima kwa kibaba cha mkoloni mwenyewe. Yeye alidai ukubwa wa taifa hupimwa kwa hazina ya wakubwa wake, nasi tukakimbilia kumhesabia ngamia.

Natuanze basi na tuyajuayo kwa yakini. Dola ya Mali iliasisiwa na Sundiata Keita katika karne ya 13, baada ya kumshinda mfalme wa Wasoso katika vita vya Kirina, karibu mwaka 1235. Musa, ambaye ni wa ukoo huo huo, alishika madaraka karibu mwaka 1312, akatawala yapata miaka ishirini na mitano. Mengi tuyajuayo juu yake tunayapata kwa mtu ambaye ninyi watumishi wa Serikali mna haki ya kumwita mwenzenu. Alikuwa karani. Jina lake Shihab al-Din al-Umari, mtumishi katika ofisi za Sultani wa Misri, na alifariki mwaka 1349. Hakupata kumwona Musa kwa macho yake, lakini miaka kadhaa baada ya mfalme kupita aliwahoji watu waliompokea, walioketi naye, waliomwuzia bidhaa, na pia shehe mmoja aliyekuwa ameishi mji mkuu wa Mali kwa miaka 35. Akayaandika yote pamoja na majina ya waliomwambia. Laiti kila faili katika ofisi zetu lingeandikwa hivyo.

Miongoni mwa waliohojiwa alikuwamo gavana mmoja wa Cairo, Ibn Amir Hajib, aliyezoeana sana na Musa. Huyu alimwuliza mgeni wake namna alivyopata ufalme. Musa akamweleza kwamba mfalme aliyemtangulia hakuamini kuwa Bahari ya Magharibi haina mwisho. Alituma mashua 200 za watu na nyingine 200 za maji, dhahabu na vyakula. Ikarudi moja tu. Ndipo akaunda mashua 2,000, akapanda mwenyewe, akamwacha Musa kuwa naibu wake, na asionekane tena. Wako wanaoitumia habari hii kudai kwamba Waafrika hao walifika Marekani kabla ya Columbus. Ushahidi haupo, na mwalimu mwangalifu hatalifundisha jambo hilo kama kweli iliyothibitika.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Ilitoka hasa katika nchi za Bambuk na Bure, kwenye vyanzo vya mito ya Senegal na Niger. Wachimbaji walikuwa wakulima waliochimba visima vyembamba wakati wa kiangazi na kuosha mchanga wake kwa vibuyu, kisha mvua zikianza wakarejea mashambani. Watu hao hawakuwa Waislamu, na mfalme Mwislamu hakuwalazimisha kusilimu. Al-Umari aeleza sababu bila kuficha: wafalme wa Mali walikuwa wameona kwamba kila walipouteka mji wa wachimbaji na adhana ikasikika pale, dhahabu ilipungua, kisha ikakatika kabisa. Basi wakawaacha na mila zao, wakaridhika na kodi.

Jambo hili lastahili kutafakariwa zaidi ya ngamia wote wa msafara. Wale wachimbaji, ambao hakuna aliyeandika jina la hata mmoja wao, walikuwa wameigundua silaha ya mnyonge. Hawakuwa na askari wapanda farasi. Walilojua ni mahali mchanga wenye dhahabu ulipo, na mtawala alipowaelemea mno, majembe yao yalilala. Mfalme mwenye jeshi kubwa kuliko yote ya Afrika Magharibi akalazimika kujadiliana na watu wenye vibuyu. Kama ningetunga mtihani, swali la kwanza lingekuwa hili, na lingepewa alama nyingi.

Upande wa pili wa mizani ulikuwa na chumvi. Ibn Battuta wa Tangier, aliyeizuru Mali mwaka 1352 na 1353, alipita Taghaza katikati ya jangwa, kijiji ambacho hata kuta za nyumba zake zilikuwa za mabonge ya chumvi na mapaa yake ngozi za ngamia. Anasema hapakuwa na mkazi ila watumwa wa Wamasufa, wachimbao chumvi na kula tende zilizoletwa kutoka mbali, nyama ya ngamia, na mtama uliotoka nchi za kusini. Mzigo mmoja wa chumvi uliuzwa Walata kwa mithkali 8 hadi 10 za dhahabu, kila mithkali ikiwa yapata gramu nne na robo. Mzigo huo huo ukifika mji mkuu wa Mali ulikuwa mithkali 20 hadi 30, pengine 40. Dola ilitoza ushuru, wafanyabiashara wakachukua faida, na mtumwa wa Taghaza akabaki na tende zake.

Huo ndio utajiri uliokwenda Hija mwaka 1324. Habari za wingi wa msafara zinatofautiana. Vitabu viwili vya Timbuktu vilivyoandikwa zaidi ya miaka mia tatu baadaye havipatani: kimoja chasema watu 8,000, kingine 60,000, na kwamba watumwa 500 walimtangulia mfalme, kila mmoja ameshika fimbo ya dhahabu yenye uzito wa mithkali 500. Dhahabu yatajwa kuwa kati ya mizigo 80 na 100 ya ngamia. Toeni nusu mkipenda. Bado ni msafara mkubwa. Hata kwa nyakati zetu hizi, ambapo baadhi yetu tumezoea kuona mkubwa mmoja akienda kukagua kisima kimoja na magari kumi na matano, msafara ule ungetutisha.

Cairo, Musa hakutaka kwanza kwenda kumwona Sultani al-Nasir Muhammad, akisema amekuja kwa ajili ya Hija na si kwa jambo jingine. Mwenyeji wake alitambua kiini cha shida: desturi ilimtaka kila aingiaye aibusu ardhi mbele ya Sultani, na mfalme wa Mali hakuwa tayari. Baada ya kusihiwa sana alikwenda. Alipoambiwa abusu ardhi alikataa waziwazi; mtu mmoja wa karibu yake akamnong'oneza neno, naye akatangaza kwamba anamsujudia Mungu aliyemwumba, akasujudu. Sultani akainuka nusu, akamketisha kando yake. Hapa, ndugu zangu, sina budi kukiri kwamba kila nisomapo habari hii moyo wangu hufurahi. Huyu alikuwa mgeni katika dola yenye nguvu, njia yake ya Makka imo mikononi mwa mwenyeji wake, na bado aliilinda heshima ya nchi yake bila ya kumtukana mtu.

Kipo na kisa kingine ambacho hakisimuliwi sana. Katika maongezi ilibainika kwamba Musa alikuwa na desturi ya kujitwalia mabinti wazuri wa watu huru bila ya ndoa. Ibn Amir Hajib akamwambia jambo hilo haliruhusiwi na sheria. Musa akauliza, hata kwa wafalme? Akajibiwa, hata kwa wafalme, waulize wanazuoni. Mfalme akaapa kwamba hakujua, na kwamba tangu saa ile ameliacha. Kama aliliacha kweli ni wake zake na binti za watu waliolijua. Hata hivyo mtawala mwenye uwezo wa kumfukuza kila mshauri alikubali mbele ya watu kwamba sheria iko juu yake.

Alitumia mali bila hesabu. Hakubaki ofisa wa Sultani ambaye hakupata fungu lake la dhahabu. Wafanyabiashara wa Cairo wakafanya yale ambayo wafanyabiashara hufanya kila wamwonapo mnunuzi mgeni mwenye fedha nyingi na maswali machache. Vazi la thamani ya dinari moja waliliuza kwa dinari tano. Kabla ya hapo, aandika al-Umari, mithkali ya dhahabu haikushuka chini ya dirham 25. Baada yake haikuzidi 22, na hali ikabaki hivyo kwa miaka 12. Naomba mzishike tarakimu hizo, kwa kuwa siku hizi husemwa kwamba Musa aliuvunja uchumi wa Misri. Kutoka 25 hadi 22 ni upungufu wa asilimia 12. Ni pigo, lakini haukuvunjika uchumi wa mtu.

Aliyevunjika mfuko ni Musa. Wakati wa kurudi kutoka Makka dhahabu ilikuwa imekwisha, na mtu aliyeitikisa bei ya soko zima akaenda kukopa kwa wale wale waliomwuzia mavazi. Kwa kila dinari 300 walizomkopesha, walijipatia faida ya dinari 700. Mmoja wa wadai hao alikuwa tajiri wa Alexandria aitwaye Siraj al-Din ibn al-Kuwayk. Alimtuma mtu Mali kudai fedha zake. Mtu yule akabaki huko huko. Basi mzee akafunga safari mwenyewe pamoja na mwanawe, akafika Timbuktu, na usiku ule ule akafariki. Watu wakanong'ona kwamba amepewa sumu. Mwanawe akakanusha: nilikula naye chakula kile kile. Kijana aliendelea na safari, akalipwa deni la babaye, akarudi Misri. Kwa hiyo deni lililipwa, tena kwa dhahabu ya visima vile vile vya Bure na Bambuk. Mchimbaji aliyeinama kule kisimani alikuwa analipia kanzu zilizouzwa Cairo kwa bei mara tano, na riba juu yake, na wala hakuwa na habari.

Katika simulizi ambazo Ibn Battuta alizikuta Mali, moja itawagusa watumishi wenzangu. Musa alikuwa na kadhi mgeni, Abu al-Abbas al-Dukkali, ambaye alipewa mithkali 4,000 kwa matumizi yake ya safari; sisi tungeyaita masurufu. Walipofika Mema, kadhi alilalamika kwamba fedha zimeibwa nyumbani mwake. Mfalme akamwita mtawala wa Mema na kumtishia kifo asipomleta mwizi. Mtawala akatafuta kila mahali asione mtu. Mwishowe akaingia nyumbani kwa kadhi, akawabana watumishi, na mjakazi mmoja akasema: bwana hakuibiwa kitu, kazifukia kwa mkono wake pale. Zikafukuliwa, na kadhi akahamishiwa nchi ya mbali kwa miaka minne. Sina la kuongeza juu ya kadhi yule, ila nataka mmtazame mjakazi. Heshima ya Serikali nzima na shingo ya mtawala wa Mema viliokolewa na mwanamke ambaye hakuwa huru.

Je, Musa hakuacha kitu? Aliacha, tena kikubwa. Alirudi na Abu Ishaq al-Sahili, mshairi wa Granada, ambaye husifiwa kwa kujenga msikiti wa Djinguereber mjini Timbuktu karibu mwaka 1327. Ibn Khaldun asema kwa kazi moja tu katika mji mkuu mgeni huyo alilipwa mithkali 12,000. Wataalamu wa leo wanatuonya tusimpe mshairi yule sifa zote. Mafundi wa Djenne na miji jirani walijua kujenga kwa udongo karne nyingi kabla yake. Mfalme pia aliwatuma vijana kusoma Fez. Mmoja wao, Katib Musa, alirudi akawa imamu wa msikiti ule ule mkuu.

Tena kuna mwanachuoni mmoja wa Hijaz, Abd al-Rahman al-Tamimi, aliyefuatana na Musa kutoka Hija. Alipofika Timbuktu aliukuta mji umejaa wanazuoni Weusi waliomzidi kwa elimu ya sheria. Hakununa. Alikwenda Fez kusoma kwanza, kisha akarejea kuishi nao. Walimu, hapa ndipo pa kusimama na kuwapa wanafunzi wenu muda wa kuwaza. Mwarabu wa Hijaz anajiona hana elimu ya kutosha kukaa na Weusi wa Timbuktu, na habari hiyo haina ngamia hata mmoja.

Msidhani nimesahau pwani yetu. Ibn Battuta huyo huyo alifika Kilwa mwaka 1331, Musa akiwa bado hai na akitawala Mali. Aliyetawala Kilwa alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Huyu naye alitajirika kwa dhahabu, ile ya Sofala iliyotoka bara ya Zimbabwe, naye ndiye huhesabiwa mjenzi wa Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 ambalo magofu yake yangali yakitazama bahari. Fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akavua, akampa. Mwanawe alizikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipokufa akamfuata ndugu yake Daudi, ambaye kila mwombaji alipomjia alimjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutolewa.

Huko Mali mambo yalikuwa hivyo hivyo. Baada ya Musa alitawala mwanawe Magha kwa miaka minne, kisha ndugu yake, Sulaiman. Ibn Battuta aliambiwa mfalme amemletea zawadi ya kumkaribisha, akaruka akitazamia mavazi na fedha. Akaona mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alicheka, kisha akamwandika Sulaiman kuwa bahili. Mimi nina maoni mengine. Sulaiman na Daudi walirithi hazina ambazo ndugu zao walizitumia kujinunulia sifa, na msafiri alizoea kuzihukumu tawala kwa ukubwa wa zawadi aliyopewa yeye. Mbona Ibn Battuta mwenyewe, baada ya kulalamika, asifu usalama wa njia za Mali na jinsi dhuluma ilivyokuwa chache, tena katika enzi ya huyo huyo bahili? Watumwa waliotolewa zawadi Kilwa, ishirini kwa ajili ya kanzu moja, hawakuulizwa kama waliuona ule kuwa ukarimu.

Sifa nayo ina miguu. Mwaka 1375 Abraham Cresques wa Majorca alichora ramani ambayo leo imehifadhiwa Paris, na katikati ya jangwa akamweka mfalme Mweusi amevaa taji, ameshika donge la dhahabu mkononi, na maandishi yanayomtaja Musa kuwa bwana tajiri kuliko wote wa nchi zile. Watu wa Ulaya walisoma ramani hiyo kama tangazo la biashara. Katika karne iliyofuata Wareno walianza kushuka na pwani ya Afrika kutafuta dhahabu hiyo, wakafika Guinea, wakaendelea. Mwaka 1505 merikebu za Francisco de Almeida zilitia nanga Kilwa. Askari wakashuka, mji ukaporwa na ngome ikajengwa. Mwaka huo huo wakajenga nyingine Sofala.

Watu wa Timbuktu wangali wakiukandika udongo msikiti wa Djinguereber kwa mikono yao baada ya mvua kuuchakaza. Mwaka 2012 watu wenye silaha waliuteka mji na kuyabomoa makaburi ya mawalii, hata yale yaliyokuwa ubavuni mwa msikiti huo. Na Januari 2013, walipokuwa wakikimbia, walichoma vitabu vya mkono yapata 4,000 katika Taasisi ya Ahmed Baba. Hawakujua kwamba sehemu kubwa kabisa ya maandishi ya mji ilikuwa imekwisha kuondoka. Wakutubi, madereva, mabaharia wa mtoni na wenye nyumba walikuwa wameyapakia katika masanduku ya bati, usiku baada ya usiku, wakayasafirisha kwa mikokoteni ya punda, kwa magari na kwa mitumbwi ya mto Niger mpaka Bamako. Maandishi hayo yahesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Ndugu Mwenyekiti, naona mwalimu mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu nilipomtaja Sulaiman. Nakaa nimsikilize.